Mkono Ulioshika Chupa

Kufikia miaka ya 1740, kila mtu Ulaya aliyejishughulisha na umeme aliijua sheria moja: ukitaka kitu kikae na chaji, kitenge na ardhi. Kiweke juu ya kioo kikavu au bonge la lami, au kining'inize kwa nyuzi za hariri. Mwaka 1730 Mwingereza Stephen Gray alimning'iniza mvulana kwa kamba za namna hiyo, akamtia chaji, na vipande vyembamba vya shaba vikaanza kurukia mikono na uso wake. Mfaransa Charles du Fay akayapanga mambo hayo yakawa kanuni, na kanuni haikuwa na kasoro. Umeme ukipata njia ya kushuka ardhini, unashuka. Anayekigusa kitu chenye chaji anaimaliza.

Kanuni hiyo ndiyo iliyowachelewesha wataalamu, kwa sababu chombo cha kwanza kilichoweza kuhifadhi chaji ya kumtikisa mtu mwili mzima kilihitaji kuguswa.

Mambo yalitokea Leiden, Uholanzi, katika majira ya baridi ya kuingilia mwaka 1746. Profesa Pieter van Musschenbroek alikuwa ameona jinsi chuma kilichochajiwa kinavyopoteza chaji yake hewani kidogo kidogo, akafikiri: je, tukiuingiza umeme kwenye maji, na maji yenyewe yakazungukwa na kioo pande zote, utatokea wapi? Hoja hiyo si ya kipuuzi. Wakati ule umeme ulidhaniwa kuwa kimiminika chepesi kisichoonekana, na kimiminika huwekwa kwenye chupa. Basi walichukua chupa ya maji, wakatumbukiza waya, wakaunganisha waya na mashine ya umeme, na chupa wakaiweka juu ya kihami kama kanuni ilivyotaka. Hawakupata kitu cha maana.

Kulikuwa na wakili mmoja, Andreas Cunaeus, aliyependa kutembelea maabara hiyo kujiburudisha. Aliliona jaribio, akaenda kulirudia nyumbani. Hakuwa na msaidizi, na kanuni ya du Fay haikuwa imemkaa kichwani, kwa hiyo chupa akaishika mkononi. Alipougusa waya kwa mkono wa pili, alipigwa shoti ambayo hakuna mtu wa maabara ile aliyewahi kuipata. Akamweleza Jean Allamand, mwenzake Musschenbroek. Allamand akajaribu, pumzi ikamkatika kwa muda. Mwishowe profesa mwenyewe akasimama mbele ya mtambo: mtutu wa bunduki umening'inia kwa nyuzi za hariri, mpira wa kioo unazungushwa huku mtu anausugua kwa viganja, na kutoka kwenye mtutu waya wa shaba umeshuka hadi ndani ya chupa ya maji iliyo katika mkono wake wa kulia. Mkono wa kushoto akaunyoosha kutafuta cheche kwenye mtutu.

Januari 1746 alimwandikia mwanasayansi Réaumur wa Paris kuhusu jaribio jipya na la kutisha, akamshauri asilifanye, na akaapa kwamba yeye binafsi hatalirudia hata akipewa ufalme wote wa Ufaransa. Lakini katika barua hiyohiyo ya mtu aliyetoka kuponea chupuchupu, hakusahau kueleza vifaa: kioo kiwe cha Kijerumani au cha Bohemia, kwa sababu cha Uholanzi hakikufanya kazi. Mtu anaogopa kufa na bado anakumbuka asili ya kioo. Hapo ndipo unapomjua fundi wa kweli.

Miezi mitatu kabla, tarehe 11 Oktoba 1745, jambo hilihili lilikuwa limempata mtu mwingine: Ewald Georg von Kleist, dekani wa kanisa kuu la Kammin huko Pomerania, mji ambao leo uko Poland. Yeye alitumia kichupa cha dawa chenye msumari shingoni na pombe kidogo ndani. Alikichaji akiwa amekishika, akagusa msumari, na mshtuko ukapanda hadi begani. Akawaandikia wataalamu wa Berlin, Halle na Danzig. Walijaribu, wakashindwa. Walimwona dekani kama mtu mwenye kichupa cha ajabu, na hawakutilia maanani kwamba kichupa kilikuwa ndani ya kiganja cha mtu aliyesimama chini. Daniel Gralath wa Danzig alifanikiwa baadaye, baada ya kuandikiana naye tena. Ila kufikia hapo barua ya Leiden ilikuwa imeshafika Paris, Abate Jean-Antoine Nollet ameshaitangaza, na chombo kimeshapewa jina la mji wa watu wengine.

Huwa nawaza sana juu ya barua hizo za Kleist zilizokwama. Maelezo karibu yote ya kisasa ya chupa ya Leiden huanza na mchoro safi: chupa mezani, karatasi ya bati ndani, karatasi ya bati nje, fimbo ya shaba yenye tufe dogo juu. Mchoro ni sahihi, lakini umekwisha kumfuta mtu. Chupa ya kwanza haikuwa na bati. Upande wa ndani ulikuwa maji, na upande wa nje ulikuwa kiganja cha wakili, chenye joto na jasho. Wakati chaji chanya ikiingia kwenye maji, elektroni zilikuwa zinavutwa kutoka sakafuni, zinapanda kwenye miguu yake, zinapita kiwiliwili na mkono, na kujipanga kwenye uso wa nje wa kioo, umbali wa milimita chache tu kutoka kwenye chaji iliyo ndani. Pande mbili zinavutana na kioo hakiziruhusu kukutana. Kwa kuwa zinavutana, zinatulia, na nafasi inapatikana ya kuongeza chaji nyingine, na nyingine tena. Ukiiweka chupa juu ya kihami, upande wa nje haupati chaji ya kukabiliana na ile ya ndani, na ya ndani inafukuzana yenyewe kwa yenyewe hadi inagoma kuingia. Wataalamu walikuwa wanalinda chupa isiguswe, na kwa kuilinda hivyo wakawa wameinyima nusu yake.

Sikubaliani na wanaoisimulia habari ya Cunaeus kama bahati ya mjinga. Kanuni aliyoivunja bila kujua ilitungwa kwa kitu kimoja kilichosimama peke yake hewani, mtutu au mvulana kwenye hariri, na kwa kitu hicho ilikuwa kweli tupu. Kwenye chupa vitu vilikuwa viwili, na hakuna aliyekuwa amekihesabu cha pili, kwa kuwa cha pili kilikuwa mtu mwenyewe.

Kabla hakujapatikana aliyefahamu sababu, ulikuja wakati wa hofu na maonyesho. Johann Heinrich Winkler wa Leipzig alieleza jinsi mwili ulivyomtetemeka na pua kutoka damu, na jinsi mkewe alivyojaribu akalegea miguu hata kutembea ikawa taabu. Georg Matthias Bose wa Wittenberg yeye alitamani afe kwa shoti ili kifo chake kipate kuandikwa katika kumbukumbu za Akademia ya Paris. Mimi nadhani hofu iliongeza volti. Vichupa vile vilikuwa vidogo, na mwili ambao haujawahi kuguswa na kitu hauna kipimo cha kukipimia.

Nollet naye hakuwa na muda wa kutetemeka. Mwaka 1746, mbele ya Mfalme Louis XV, aliwapanga walinzi 180 wameshikana mikono, wa kwanza akashika chupa, wa mwisho akagusa waya, na mstari mzima ukaruka kwa pamoja. Kisha akawachukua watawa wa Kikartusi wa Paris, takriban 200, wakaunganishwa kwa nyaya za chuma katika duara kubwa. Nao wakaruka kwa pamoja. Miaka kadhaa baadaye, Joseph-Aignan Sigaud de Lafond aliona shoti yake ikiishia kwa mtu wa sita katika safu ya watu 60, na uvumi ukazagaa kwamba mtu huyo ana upungufu wa kiume. Ikabidi jambo lithibitishwe, kwa hiyo wakaitwa waimbaji wa kiume waliohasiwa. Wakashikana mikono na wenzao, na kila mmoja akaruka kama watu wengine. Kilichokuwa kimeikatiza shoti ni unyevu wa ardhi, ambako umeme ulikuwa umejipatia njia ya mkato. Watu hucheka wakisikia visa hivi, na vinachekesha kweli, ila angalau katika safu zile hakuna aliyesahau kwamba binadamu ni sehemu ya mtambo.

London ilimbadilisha mtu kwa chuma. John Bevis alishauri nje ya chupa ivikwe karatasi nyembamba ya madini, William Watson akavika pande zote mbili, na kiganja kikapumzika. Bati haliruhusiwi kufika shingoni, kwa kuwa chaji hutambaa juu ya kioo, hasa kikiwa na unyevu, na kuruka kutoka ndani hadi nje. Mwanafunzi wa Dodoma anayesugua kalamu kwenye nywele mwezi Julai ataokota vikaratasi mezani bila shida. Mwenzake wa Dar es Salaam akijaribu wakati wa masika atasugua hadi achoke. Kalamu ni zilezile, tofauti ni hewa.

Aliyekuja kueleza kinachotokea alikuwa ng'ambo ya bahari, Philadelphia, mchapishaji wa magazeti mwenye udadisi usiokwisha. Mwaka 1747 Benjamin Franklin alimwandikia Peter Collinson wa London jambo ambalo hata leo wengi hulisikia wakadhani ni mzaha: chupa iliyochajiwa haina umeme mwingi kuliko ambayo haijachajiwa. Kilichoongezeka ndani kimepungua nje, kwa kiasi kilekile. Ziada upande mmoja, upungufu upande mwingine, na jumla haijabadilika. Akaonyesha kwa mchezo: alitengeneza buibui wa bandia kwa kipande cha kizibo kilichochomwa, akamtia miguu ya nyuzi, akamning'iniza kwa uzi wa hariri katikati ya nyaya mbili, mmoja wa upande wa ndani wa chupa, mwingine wa upande wa nje. Buibui akaruka kwenye waya wa kwanza, akachukua chaji kidogo, akafukuzwa, akaenda kuitua kwenye wa pili, akarudi. Alikwenda na kurudi hivyo muda mrefu, na angeendelea mpaka pande mbili zilingane. Alipotaka kuthibitisha kwamba hata umbo la chupa si la lazima, alichukua vioo 11 vya dirisha, akaweka mabamba ya risasi kila upande, akaviunganisha, na shoti ikatoka ileile. Wazo la chombo cha kujazwa likafa hapo. Chaji haikai ndani ya kitu. Inakaa kati ya vitu viwili.

Franklin huyohuyo, siku chache kabla ya Krismasi ya 1750, aliazimia kumwua bata mzinga kwa umeme wa chupa mbili kubwa, akajisahau, akaupitisha kwenye mikono na mwili wake mwenyewe. Bata alisalimika.

Kuna hitimisho lake moja ambalo lilichukua muda mrefu kusahihishwa. Alitaka kujua chaji imejificha wapi hasa, katika maji au katika kioo. Akachaji chupa, akamwaga maji yake taratibu kwenye chupa nyingine, na hayo maji yaliyomwagwa hayakuwa na kitu. Akatia maji mapya katika chupa ya kwanza, akagusa, shoti ikampiga. Kwa hiyo, akasema, chaji iko kwenye kioo. Walimu wakalipenda jaribio hilo, wakatengeneza chupa zenye vikombe vya bati vinavyochomoka, na kizazi hadi kizazi wanafunzi walionyeshwa kwamba madini ni njia tu. Mwaka 1922 G. L. Addenbrooke alilirudia kwa uangalifu, akaonyesha kwamba kioo hujipaka utando wa unyevu, na utando huo ndio unaobaki na chaji pale kikombe kinapochomolewa. Alipotumia kihami cha nta ya parafini, kisichoshika unyevu, chaji iliondoka pamoja na madini. Jaribio la Franklin halikuwa na hila yoyote, na kila aliyelirudia aliona alichokiona yeye. Unyevu, ule unaowasumbua walimu wa fizikia wa pwani, ulikuwa umekaa juu ya kioo zaidi ya miaka 170 bila kuulizwa.

Kabla chupa haijazeeka, ilitumika kumtambua mnyama. Michel Adanson, Mfaransa aliyekuwa Senegal katika miaka ya mwanzo ya 1750, alikutana na kambare anayetoa shoti, na kitabu chake cha 1757 kinaeleza kwamba hakuona tofauti kati ya mshtuko huo na wa chupa ya Leiden. Kwa msomi wa Ulaya, hilo lilimpa samaki cheti. Lakini jamaa wa kambare huyo wamechorwa katika makaburi ya Saqqara, Misri, yapata miaka 4,000 na zaidi iliyopita, na wengine wamo Ziwa Tanganyika hadi leo. Mvuvi anayemtoa wavuni hakuhitaji chupa ili ajue amepigwa na nini. Chupa ndiyo iliyomhitaji samaki. John Walsh alipothibitisha huko La Rochelle mwaka 1772 kwamba samaki aitwaye taa wa umeme hupiga kwa njia hiyohiyo, lilibaki swali gumu: mbona samaki hatoi cheche wala mlio? Henry Cavendish akajenga samaki wa mbao na ngozi, akamwunganisha na chupa 49 zenye kioo chembamba mno, akazichaji kidogo tu. Samaki wa mbao akapiga kama wa baharini, kimyakimya. Kumbe chaji nyingi yenye msukumo mdogo na chaji kidogo yenye msukumo mkubwa ni mambo mawili, ingawa mkono huyaita yote shoti.

Kwa hesabu za leo, chupa ya ukubwa wa nusu lita ina uwezo wa takriban nanofaradi moja. Ichaji hadi volti 30,000 na nishati iliyomo haifiki hata nusu ya juli, kiasi cha kuinua kilo moja ya sukari kutoka mezani kwa sentimita nne na nusu hivi. Betri ya simu ya mAh 4,000 hubeba zaidi ya mara 100,000 ya hiyo, nawe unalala nayo chini ya mto. Tofauti ni haraka. Betri hutoa mali yake kwa saa nyingi, kwa kuwa inaizalisha kwa kemia polepole. Chupa humwaga yote kupitia mwili wa mtu ndani ya muda wa mikrosekunde moja hivi, na kwa muda huo usiofikirika inakuwa mtambo wa kilowati mamia. Ndiyo sababu Alessandro Volta alipoieleza nguzo yake ya sahani za madini mwaka 1800, chupa ilipoteza heshima katika maabara ingawa haikupoteza kazi. Wakati wa redio za cheche ilirudi kwa wingi, na jeshi la majini la Uingereza liliendelea kupima uwezo wa kapasita, yaani vyombo vya kuhifadhi chaji vya jamii ya chupa hiyo, kwa kipimo kilichoitwa chupa hadi miaka ya 1930.

Halafu ikaingia sebuleni kwetu, na wengi hatukuijua. TV ya chogo, ile iliyotangulia hizi nyembamba za ukutani, ina tyubu ya kioo iliyopakwa grafiti nyeusi ndani na nje. Ndani kuna volti kama 25,000, nje kumefungwa kwenye fremu ya TV. Kioo katikati, kipitishi kila upande: ni chupa ya Leiden, na nishati yake inakaribiana na ya chupa yenyewe ya nusu lita. Mafundi wanaijua vizuri. Nilikaa karibu na fundi mmoja aliyekuwa akifungua TV ya namna hiyo, kijana anayejifunza amechuchumaa pembeni. Fundi alifunga waya kwenye shina la bisibisi, ncha ya pili akaibana kwenye fremu, akasukuma bisibisi chini ya kofia ya mpira iliyo ubavuni mwa tyubu. Ikalia "tap!" mara moja. Mkono wa kushoto muda wote ulikuwa nyuma ya mgongo, ili shoti ikitokea isipate njia ya kukatiza kifua kutoka mkono hadi mkono, njia ileile aliyoifungua Musschenbroek.

Kijana akanyoosha mkono.

"Dogo, hiyo bado ina moto."

"Si umeshaitoa, fundi?"

"Subiri. Kioo kina kinyongo."

Baada ya muda akapitisha bisibisi tena, na tyubu, ambayo hakuna aliyeichaji tena, ikatoa cheche ndogo. Watu wa karne ya 18 waliiona hali hiyo kwenye chupa zao, na Rudolf Kohlrausch akaipima kwa makini mwaka 1854. Kioo kikikaa muda mrefu kati ya pande mbili zinazovutana, ioni za ndani yake husogea pole pole sana. Cheche ya kwanza huondoa chaji ya juu juu, ila zile ioni haziwezi kurudi kwa haraka kiasi hicho. Zinajirudisha kidogo kidogo, na kila zinaposogea zinaacha chaji mpya kwenye vipitishi ambavyo vilikuwa vimeshamalizwa. Kapasita kubwa za volti za juu nazo zina tabia hiyo, kwa hiyo husafirishwa na kuwekwa ghalani zikiwa zimefungwa kipande cha waya kutoka pini hadi pini, na waya huo hautolewi mpaka kapasita iwe mahali pake kwenye mtambo.